Filimbi ya Mpingo, Mnunuzi Aje na Pumzi Zake

Kwa miaka sita kilichosikika jikoni mwa akina Cryan ni saa ya ukutani. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kwamba saa ile ina sauti. Ilikuwa pale tangu enzi za mama yao, juu ya kabati la vyombo, lakini filimbi ya Malachy iliifunika kila jioni, na hata wageni walipoondoka masikio yalibaki yamejaa. Filimbi iliponyamaza, saa ikatoka mafichoni. Dympna, dada yake, aliapa kwamba iko siku ataitupa kisimani. Hakuitupa. Aliizungushia taulo, na ikaendelea kugonga ndani ya taulo kama moyo wa mtu aliyefunikwa shuka.

Malachy Cryan alizaliwa katika nyumba hiyo, mwendo mfupi kutoka kijiji cha Gurteen, na hakuwahi kuhama. Hakuoa. Alifuga ng'ombe ishirini hivi wa nyama, na alipiga filimbi. Ukiwauliza majirani wakueleze yeye ni mtu wa namna gani, wangekutajia mambo hayo mawili kisha wangenyamaza, maana hawakuona kilichobaki cha kusema.

Mapafu yake yaliuawa na nyasi. Huku kwao mvua haiombi ruhusa, na miaka mingi nyasi za akiba ziliingizwa bandani zikiwa mbichi, zikaota ukungu, na wakati wa baridi Malachy alizikung'uta mbele ya ng'ombe akiwa amefunga mlango, akivuta lile vumbi jeupe puani. Daktari wa Sligo alimwonyesha picha ya kifua chake. Ilifanana na kioo cha dirisha asubuhi ya barafu.

"Pumzi ulizobaki nazo ni za kutembea na za kusema," daktari alimwambia. "Za kupuliza hakuna."

"Basi nitatembea," Malachy alimjibu. "Kusema atasema dada yangu."

Filimbi yenyewe aliinunua mwaka 1979, nayo haikuwa mpya. Aliyemuuzia alikuwa mwanamume aliyerudi kutoka Uingereza baada ya miaka mingi ya kuchimba barabara za watu, naye alitaka ndama dume kuliko alivyotaka muziki. Wakabadilishana uwanjani. Ilikuwa ya mpingo, nyeusi ti, ya vipande vitatu vilivyoungwa kwa uzi wenye nta, matundu sita na tundu la mdomo, basi. Siku ile ya kwanza Malachy alipoweka vidole juu ya matundu, alikuta kingo zake zimelika, zimefanya vishimo vidogo laini. Vidole vyake vilizama humo kama mtu aliyeingiza mguu kwenye kiatu akakikuta bado kina joto. Alishtuka. Ni watu wangapi waliokuwa wamesimama pale kabla yake, na wamekwenda wapi? Hakuwahi kumwambia mtu wazo hilo. Aliifuta tu kwa shati na kuanza kupuliza.

Mwezi wa pili mwaka huu alifungua sanduku lake, jambo ambalo alikuwa halifanyi, na kwenye kipande cha juu, karibu na tundu la mdomo, aliona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Aliugusa kwa ukucha, akakaa chini.

Filimbi ya mbao hunywa pumzi za mpigaji. Isipopulizwa hukauka, na ikikauka hupasuka, kwanza kidogo, kisha moja kwa moja. Mtu aliyetunza ng'ombe maisha yake yote hahitaji kuelezwa kitu kinapokufa kwa kiu.

"Naiuza," alimwambia Dympna.

"Utauza pua yako kwanza."

"Tazama hapa."

Dympna alitazama. Alivaa miwani akatazama tena. Kisha alikwenda kuweka birika jikoni, na alipogeuka hakuwa na mzaha tena. "Asiwe mtu wa kuitundika," alisema.

"Ndiyo maana nataka waje hapa. Nitawasikiliza."

Tangazo lilitoka kwenye gazeti la wilaya, katikati ya trekta na godoro la watu wawili: *Inauzwa filimbi ya mpingo, ya zamani. Mnunuzi aje na pumzi zake.*

Wa kwanza kuja alitoka Dublin, amevaa koti zuri, na alikuja na tochi ndogo na kioo cha kukuzia. Alimulika ndani ya filimbi kama daktari wa meno. Aliuona ufa, akaguna. Halafu, bila hata kuipasha joto, aliweka mdomo na kuipuliza ikiwa bado na baridi ya chumba cha nyuma. Malachy alifumba macho kama mtu anayeona farasi akipigwa.

"Ninazo arobaini ukutani," mgeni alisema kwa furaha. "Hii ingekaa vizuri kati ya mbili za miti ya rangi ya njano."

"Zinapigwa?"

"Zinatazamwa."

"Bei imepanda," Malachy alisema.

"Imepanda tangu lini?"

"Tangu uliposema zinatazamwa."

Yule bwana alikunywa chai yake kwa adabu na kuondoka. Wiki tatu zikapita bila mtu. Kila asubuhi Malachy alifungua sanduku na kupima ufa kwa ukucha wake. Asubuhi moja aliona umesogea upana wa punje ya ngano. Siku hiyo hakula.

Alhamisi iliyofuata, saa nane mchana, gari dogo lililojaa vyuma liliingia uwanjani. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono mikubwa, mistari ya grisi kwenye kucha. Aliitwa Concepta Durkan, fundi wa mabasi ya shule kule Tubbercurry. Alipangusa viatu mlangoni mara mbili.

"Samahani kwa mikono hii, Bwana Cryan. Nimeiosha, lakini haiamini."

"Mikono si kitu. Pumzi unazo?"

"Mume wangu anasema ninazo kupita kiasi."

Dympna alicheka, akamkatia mkate wa magadi na kuupaka siagi nene, jambo ambalo hakumfanyia bwana wa Dublin.

Concepta alipopewa filimbi hakuipeleka mdomoni. Alinusa ndani yake. Aliuona ufa, akaupitishia kidole polepole. Kisha alitoa mfukoni chupa ndogo ya mafuta ya lozi na kitambaa, akaipaka kwa ndani na kuipangusa, akafungua zipu ya koti lake na kukitia kile kipande cha juu kifuani, chini ya kwapa, akafunga zipu. Akachukua kikombe chake cha chai.

"Tungoje kidogo ipate joto," alisema.

Malachy alimtazama dada yake. Dympna alitazama dari.

Walikunywa chai. Walizungumza habari za barabara, na za mvua, na za breki za mabasi. Baada ya robo saa hivi Concepta aliiunganisha filimbi, akaipuliza kwanza bila sauti, hewa tupu ikipita, kisha sauti moja ya chini, ndefu. Ilitoka ikikwaruza. Akairudia. Mara ya tatu ikawa nzito na nyeusi kama mti wenyewe, na vikombe kabatini vikaitika. Dympna alishika ukingo wa meza. Miaka sita.

Halafu Concepta alianza wimbo wa dansi, mmoja wa zile zinazozunguka na kurudi zilipoanzia. Malachy aliujua kabla ya sauti ya nne. Kisigino chake kilianza kugonga sakafu chenyewe. Sehemu ya kwanza ilipita, ikarudiwa. Sehemu ya pili ikapanda, ikapanda, na pale juu kabisa, kabla tu ya kugeuka kushuka, Concepta aliiruka sauti moja, akavuta pumzi kwa nguvu, ikasikika, akaendelea.

Malachy alijishika ubavu wa kushoto.

Akangoja izunguke tena. Pale pale, sauti iliachwa, pumzi ikavutwa. Na tena.

Concepta alimaliza, akaishusha filimbi. Saa iligonga ndani ya taulo.

"Ile sauti umeipeleka wapi?" Malachy aliuliza.

"Ipi?"

"Ya juu. Kabla ya kugeuka."

Concepta alifikiri, vidole vyake vikitembea juu ya matundu bila kupuliza. "Pale hakuna sauti, Bwana Cryan. Pale ndipo unapovuta. Ndivyo wimbo ulivyo."

"Nani kakwambia?"

"Mjomba wangu, aliyekuwa akiendesha lori la maziwa. Alikuwa na kaseti, hata yeye sijui aliipata wapi, ilikuwa nakala ya nakala. Lakini si yeye tu. Kwetu wote tunaupiga hivyo. Majira ya joto yaliyopita tulikaa watu kumi na wawili kwenye baa moja, filimbi tupu, na tulipofika pale wote tukavuta kwa pamoja. Ungesema ng'ombe wanakunywa mtoni."

"Kaseti hiyo," Dympna alisema taratibu, "mwanzoni inasikika kijiko kikianguka?"

Concepta aliinua kichwa. "Kijiko, ndiyo. Na mwanamke anatukana."

"Ni mimi!" Dympna alipiga meza. "Mungu nisamehe, ni mimi! Binamu yetu alikuwa anahamia Chicago, nikaweka redio kaseti pale, juu ya kabati. Na huyu hapa siku mbili kabla alipigwa teke na mtamba mnadani Ballymote, mbavu mbili zikavunjika, nimemfunga bendeji kama mtoto mchanga. Alikuwa akifika pale juu, maumivu yanamchoma, anaacha kupuliza anatweta! Mnapiga teke la mtamba, mama! Miaka arobaini mnapiga teke la mtamba!"

Alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni. Concepta hakucheka. Aliiweka filimbi magotini na kumtazama yule mzee mwembamba aliyekaa karibu na jiko, mkono bado ubavuni.

"Ni wewe," alisema.

Malachy aliitazama filimbi. Alikuwa akiwaona watu kumi na wawili asiowajua, baani, mchana wa majira ya joto, vifua vyao vikipanda pamoja pale alipoumia yeye. Pengine walikuwako wengine pia, Chicago, na kila mahali kaseti ilipofika. Mwaka ule wa teke alidhani ameuharibu wimbo. Alimwomba Dympna aifute kaseti, na Dympna alisema hana muda, basi linaondoka. Sasa kifua chake kilikuwa kioo cha barafu, na pumzi yake ile moja ya maumivu ilikuwa inavutwa bado, na mapafu mazima, ya watu waliokuwa hawajazaliwa wakati ule.

"Ichukue," alisema hatimaye.

"Hujataja bei."

Alitaja. Concepta alipunguza kidogo kwa heshima, maana kununua bila kupunguza ni kumdharau muuzaji. Malachy akapandisha kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Dympna aliwashika mikono yote miwili na kuigonganisha, kama inavyofanywa mnadani, na biashara ikaisha.

Likabaki fungu la bahati, lile ambalo muuzaji humrudishia mnunuzi ili kitu kimfae. Malachy alitoa noti ya ishirini, akamwekea mkononi. Kisha akanyoosha mkono wake.

"Nipe kidogo."

"Malachy," Dympna alisema. "Usithubutu."

"Pumzi moja tu. Ile ambayo ningesemea, utanisemea wewe baadaye."

Aliweka vidole. Vikazama kwenye vishimo vyao. Alipuliza kile kipande kimoja tu, kupanda kwa sehemu ya pili, taratibu, na pale juu, mahali ambapo kwa miaka arobaini hapakuwa na kitu, akaiweka ile sauti. Ilikuwa nyembamba, yenye kutetemeka, safi. Ikageuka, ikashuka, ikaisha. Halafu kikohozi kilimkunja mpaka magotini, Dympna akamshika mgongo akimtukana kwa maneno yale yale ya kwenye kaseti.

Concepta alingoja mpaka akatulia.

"Ni nzuri," alisema. Alisita. "Lakini nikiiweka, Malachy, pumzi nitaivutia wapi?"

Malachy alicheka, na kicheko kilimgharimu, akakilipa.

"Iache," alisema. "Iache hivyo hivyo."

Filimbi iko Tubbercurry, ndani ya kabati la chuma kwenye karakana ya mabasi. Ufa umezibwa, na filimbi hupulizwa kila siku saa ya chakula.