Kuseti Kabureta kwa Kiganja

Kabureta moja ni kazi. Kabureta mbili ni ndoa ya wake wawili: lazima zigawiwe hewa na petroli sawasawa, ukiipendelea moja nyingine inanuna, na pikipiki nzima inatetemeka kwa ugomvi wao. Nilikuwa napenda kuwaambia wateja hivyo, wanacheka, nami napata muda wa kutafuta bisibisi. Baadaye hata utani wenyewe ulinichosha.

Nazungumzia miaka ya ruksa, kila kitu kilipoanza kuingia nchini. Karakana yangu ilikuwa Bagamoyo, hii yetu ya Tukuyu, si ile ya pwani; banda la mabati nyuma ya nyumba, na migomba hadi mlangoni. Kabla ya hapo nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai. Kiwanda kikauzwa, tukapunguzwa, kila mtu akaondoka na alichojaliwa. Mimi niliondoka na boksi la spana na masikio yanayovuma. Miaka yote nilisimama kando ya mashine za kusokota majani bila kuziba masikio. Hakuna aliyetuambia, na hata tungeambiwa tungecheka. Mwanamume gani anajiziba masikio kazini kama mtoto anayeogopa radi?

Kuseti kabureta ni kazi ya sikio. Wengine hutumia kipande cha mpira, mimi nilitumia bua la jani la boga, kwa sababu lina tundu ndani na shambani yamejaa. Unachuma moja, unalikata ncha zote mbili, upande mmoja unauweka kwenye mdomo wa kabureta, upande wa pili sikioni. Injini ikiwa inanguruma polepole, utasikia hewa inavyovutwa ndani, sss, sss. Unahamia kabureta ya pili, unasikiliza tena. Palipo na mvumo mkubwa unalegeza skrubu kidogo, palipo na mdogo unakaza, mpaka mivumo yote miwili iwe sauti moja. Hapo ndipo pikipiki inatulia, na mwenye nayo anatabasamu.

Mvumo huo ndio uliokuwa wa kwanza kunipotea. Nililaumu bua, nikachuma jingine. Nikalaumu kabureta. Nikalaumu petroli, maana siku hizo petroli ilikuwa inachanganywa na mafuta ya taa, na lawama hiyo ilikubalika kwa kila mtu. Nilipomaliza kulaumu vyote, nikabaki na masikio yangu, na hayo sikutaka kuyagusa.

Basi nikajifunza kuseti kwa kiganja. Pikipiki ya silinda mbili ina ekzosi mbili. Unaweka kiganja kimoja nyuma ya ekzosi hii na kingine nyuma ya ile, unahisi pumzi zinavyokupiga. Pumzi zikiwa sawa, kabureta ziko sawa. Inaunguza, inachafua, na ukifanya kutwa unarudi nyumbani na mikono isiyotamani hata kushika kijiko. Lakini ilifanya kazi. Bua niliendelea kulishika sikioni, kwa ajili ya macho ya mteja.

Mvua ilinisaidia. Tukuyu mvua haiji kutembea, ni mwenyeji. Ikigonga mabati ya banda langu hakuna aliyesikia kitu; mteja alipiga kelele, nami nilipiga kelele, wote tulikuwa viziwi sawa. Nikisema "Eee?" mara mbili, lawama ilikwenda juu ya paa. Wenzangu waliomba jua ili waanike kahawa. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mtu pekee Rungwe aliyesikitika mawingu yakiondoka. Miezi ya kiangazi nilijifanya nina haraka, nikazungumza mimi tu, ili nisiulizwe kitu. Kuzungumza peke yako kutwa nzima kunachosha kuliko kubeba mawe.

Wateja walikuwa wanapungua, nikajua sababu. Maduka yalikuwa yamejaa pikipiki mpya nyepesi, kabureta moja, unanunua leo unapanda leo. Zikiharibika, kifaa kiko dukani, bandia lakini kipo. Nani angehangaika na chuma cha zamani? Jioni nilimweleza mke wangu habari hizo za biashara huria, kwa hasira, na yeye alinisikiliza huku akimenya ndizi. Hakunibishia. Nami nilifurahi, kwa sababu mtu akichoka sana anataka aelewe kinachomchosha.

Kiangazi kimoja, asubuhi, akaja mzee mmoja mwinjilisti kutoka Kisiba. Alikuwa na pikipiki ya Kiingereza ya silinda mbili aliyoachiwa na wamisionari walipoondoka, na alikuwa akiipenda kama ng'ombe wa mahari. Kesho yake alitakiwa kuhubiri kijiji cha mbali, na pikipiki ilikuwa inakohoa kila anapopanda mlima.

"Ugonile, fundi," alisema. Salamu hiyo ya kwetu niliiona midomoni mwake.

"Ndaga, tata. Karibu. Lete mgonjwa wetu ndani."

Nilifungua kabureta zote mbili, nikasafisha vitundu kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, nikarudisha. Nikamwambia aipige teke. Ikashika, niliona moshi, nikahisi ardhi ikitetemeka chini ya ndala zangu. Nikaweka bua sikioni kwa heshima ya macho yake, kisha nikaenda nyuma na viganja vyangu. Pumzi ya kulia ilikuwa na nguvu. Nikaipunguza. Ya kushoto nikaiongeza. Nikapunguza tena zote kidogo, mlio wa chini utulie, maana wazee hawapendi pikipiki inayopayuka mbele ya kanisa. Nilipohisi pumzi mbili laini zikigusa viganja kwa pamoja, nilifurahi kweli. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu mvua ziishe.

Nikainuka, nikampa mgongo kutafuta kitambaa cha kufutia mikono. Nilikuwa nikisema, kwa sauti kubwa, "Umeisikia hiyo, tata? Hiyo sasa inaimba! Hiyo itakupandisha mpaka mlima Rungwe wenyewe! Wale vijana wa maduka hawawezi kukupa mlio kama huo!" Nikageuka, nafuta mikono, nacheka.

Kuku wa jirani alikuwa amesimama mdomoni kabisa mwa ekzosi, anadonoa vumbi.

Ardhi ilikuwa imetulia chini ya miguu yangu. Sijui injini ilikuwa imezima tangu lini. Mzee mwinjilisti alikuwa ameinamisha kichwa upande, macho amefumba nusu, kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Inaimba, fundi," alisema polepole, akifungua midomo vizuri. "Inaimba sana. Ndaga fijo, asante sana."

Hakuipiga teke pale. Alisema ataisukuma mpaka barabarani kwa sababu kuna watoto uani, na uani hapakuwa na mtoto hata mmoja. Nilisimama mlangoni nikamwangalia akisukuma chuma kile kizito kwa miguu yake ya uzee, mpaka kwenye kona. Huko, mbali nami, akapanda na kuanza kupiga teke, tena na tena, hadi moshi ukatoka, akaondoka.

Nilishikwa na hasira. Bora angenitukana. Bora angesema, "Fundi, umezimisha pikipiki yangu na hujui," nami ningemjibu lolote.

Niliingia jikoni. Mke wangu aliweka kisu chini, akageuka akanikabili kabla ya kufungua mdomo, na hapo nikang'amua kwamba alikuwa akifanya hivyo kwa muda mrefu: anageuka kwanza, kisha anasema.

"Watu wanajua," nikamwambia.

"Wanajua."

"Tangu lini?"

Akainua mabega. "Zamani. Wanaona haya kukuambia. Wanaokupenda bado wanakuja, wakifika nyumbani wanamwita mtu mwingine aziseti kabureta upya."

"Na wengine wamenunua zile mpya."

Alinitazama kwa huruma, na nilitamani asinitazame hivyo.

"Wachache sana, baba," alisema. "Wengi wana zile zile za zamani. Wanazipeleka kwa fundi mwingine, kule chini barabarani."