Mpaka Uliopinda Makaburini

Romana alikuwa mchora ramani, na kwa kazi hiyo watu wa kwao, vilima vya Kipatimu, walimheshimu kuliko alivyostahili. Hayo ni maneno yake mwenyewe, si yangu. Mtu akisikia unachora kwa kompyuta hudhani kompyuta inaijua nchi. Haijui kitu. Inajua ulichoilisha, basi.

Kazi yenyewe aliweza kumweleza yeyote mwenye subira. Kila jambo lina tabaka lake, kama nailoni nyepesi zilizolazwa moja juu ya nyingine: mito tabaka hili, mashamba lile, nyumba lile. Kisima au kaburi ni nukta, mto ni mstari, shamba ni umbo lililofungwa pande zote. Nyuma ya kila umbo kuna jedwali linalosema ni la nani na linatumikaje. Ukitaka kulinda mto, unaiamuru programu ichore ukanda wa mita sitini kila upande. Mafundi huuita bafa. Ukitaka kujua nini kimeingilia nini, unalaza tabaka juu ya tabaka. Na ukitaka kujua kilichobaki, unatoa moja kwenye nyingine. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza.

Kijiji kilipopanga matumizi ya ardhi yake, mkutano ulikubaliana hivi: mashamba yakishapimwa yote, ardhi itakayobaki iwe msitu wa hifadhi. Humo hakuna kulima, hakuna kukata, hakuna kuchimba. Romana akashika kifaa cha kupimia, akazunguka shamba kwa shamba na wenyewe. Siku ya nne ilikuwa zamu ya Mzee Ambrosi, mgane wa miaka themanini na ushee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaza viatu, mpaka wangu una miiba."

Walikwenda vizuri mpaka kona ya juu, penye makaburi ya ukoo. Mpaka wa kweli ni korongo lililo nyuma ya makaburi, na njia ya kulifikia ni moja tu, katikati ya makaburi yenyewe. Katika ukoo ule hakuna apitaye hapo isipokuwa siku ya kuzika. Basi mzee akakata kushoto, akapita kwa chini, Romana nyuma yake, kifaa mkononi kikiandika kila hatua. Walipofika usawa wa kaburi la mkewe, mzee akasimama na kupaza sauti: "Mama Benadetha! Tunapita!" Kisha akamgeukia Romana kwa haya kidogo. "Hasikii vizuri. Tangu uhai wake lazima nimpigie kelele."

Mpimaji mgeni angeuliza: mzee, mpaka ni huku au kule? Romana hakuuliza, kwa kuwa alilelewa vizuri. Bibi yake angemfinya. Aliona mtu mzima anazunguka makaburi, naye akazunguka. Adabu ile ile iliyomkuza ndiyo iliyomkosesha, na jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Ofisini Kilwa Masoko aliuona mpindo ule kwenye kioo cha kompyuta, umechomoza kama kiwiko. Picha ya setilaiti haikumsaidia, ilionyesha vichwa vya miti tu. "Nitarekebisha," alijisemea. Lakini ripoti ilikuwa inadaiwa, na hiyo "nitarekebisha" imeshazika kazi za watu wengi hodari. Akaiamuru programu itoe mashamba kwenye ardhi ya kijiji. Kompyuta ni mtiifu kupita kiasi: ikaambiwa toa, ikatoa. Makaburi yakawa msitu.

Ramani ilipobandikwa mkutanoni kila mtu alitafuta shamba lake, akaliona, akapiga makofi. Nani hutafuta wafu kwenye ramani? Mzee Ambrosi mwenyewe aliweka dole gumba.

Mwaka haukuisha, mzee akafariki. Aliyempigia Romana simu ni Klementi, mtendaji wa kijiji.

"Dada Romana, pole kwa msiba. Lakini hapa kuna shida. Wanataka kuchimba kaburi ndani ya hifadhi."

"Hifadhi gani? Anazikwa kwa mkewe."

"Ndiyo huko. Ninayo ramani yako mkononi."

Romana alikodi pikipiki, akapanda vilima. Msibani hakujificha. Alisimama mbele ya watu akasema kosa ni lake, si la marehemu wala la mtendaji. Klementi si mtu mbaya, ni mwoga tu. Alisema ramani ina muhuri, kuibadili ni mpaka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe, na mwezi uliopita aliwafikisha barazani watu wawili kwa kuchimba udongo mle mle. Leo afumbe macho, kesho awaambie nini? Na maiti haingoji mkutano. Mchana wazee wakaamua mzee azikwe chini, ndani ya mstari, pale pale mpaka ulipopinda.

Benadetha, bintiye mkubwa, alimfuata Romana pembeni.

"Ulikuwa naye siku ile. Hukujua kwa nini mnazunguka?"

"Nilijua, shangazi. Ndiyo maana sikuuliza."

Benadetha akarudi kwa waombolezaji.

Mkutano ulikaa baada ya wiki saba. Kwa ruhusa ya ukoo Romana alivua viatu, akapita katikati ya makaburi peku, kifaa mkononi, hadi korongoni. Mpaka ukanyooka, makaburi yakarudi shambani, Klementi akagonga muhuri mpya. Ramani ilirekebishika. Maiti haifukuliwi.

Jioni ile, katika ofisi ya kijiji, Romana aliongeza tabaka ambalo alipaswa kuliongeza tangu mwanzo, la makaburi. Benadetha alisimama nyuma ya kiti chake, macho kwenye kioo.

"Hizo nukta mbili ndio wao?"

"Ndio, shangazi."

"Ni mbali kiasi gani?"

Romana alichukua kipimo cha umbali, akabonyeza nukta ya kwanza, akavuta mstari hadi ya pili.

"Mita thelathini na moja."

Benadetha alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mbali," alisema. "Mama hasikii vizuri."