Kila Mshale Una Mwenyewe

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa mwalimu huyu si uso wake, bali kiwiko chake cha kushoto. Ni cheupe. Awe amevaa gauni la kazini au koti jeusi la mikutano, kiwiko hicho kina vumbi la chaki kana kwamba alikiegemeza kwenye unga. Dasta ya chumba cha fizikia ilipotea miaka mingi iliyopita, naye hakuona sababu ya kusubiri nyingine. Mkono wa kulia unaandika, kiwiko cha kushoto kinafuta, somo linaendelea.

Wanafunzi wanamwita Mama Mishale, na jina hilo amelipata kwa jasho lake. Katika darasa lake hakuna anayeruhusiwa kugusa namba kabla ya kuchora. Swali likisema sanduku linavutwa sakafuni, chora sanduku. Kisha chora mishale, mmoja kwa kila nguvu inayolivuta au kulisukuma. Halafu, na hapa ndipo wengi hutokwa na jasho, kila mshale uandikiwe mwenyewe: ni nani au ni nini kinachofanya kazi hiyo. Kamba inavuta. Sakafu inakwaruza na kuzuia. Dunia inavuta chini. Mshale usio na mwenyewe hupigwa mstari mwekundu, hata kama jibu la mwisho ni sahihi.

"Lakini mwalimu, jibu si ndilo hilohilo?" mwanafunzi hulalamika.

"Umebahatisha. Aliyefika kwa kubahatisha leo, kesho atauliza njia."

Kwa miaka ishirini na sita amewatoa humo wauguzi, wapima ardhi na mafundi umeme. Mmoja wao alirudi siku moja akiwa na mkanda wa zana kiunoni, akamwambia kwamba mpaka leo hapandi ngazi kabla hajaichora kichwani na mishale yake yote. Mama Mishale alimpa mkono, akageukia ubao haraka, akafuta mahali palipokuwa safi tayari.

Binti wa kaka yake ndiye aliyeiingiza mishale hiyo kwenye simu. Alilelewa na shangazi yake tangu akiwa sekondari, enzi ambazo fizikia ilikuwa inampiga chenga kila muhula, mpaka meza ya jikoni ikageuzwa darasa. Sasa ni mtunzi wa programu za kompyuta. Programu aliyoitengeneza ina ukaidi wa shangazi mtupu: inakupa swali, inakuachia uwanja wa kuchora kwa kidole, na kisanduku cha kuandikia jibu kinabaki kimefungwa kwa kufuli dogo hadi kila mshale upate mwenyewe. Ukikosea haikuambii umekosea. Inakuuliza tu, "Nani anasukuma?"

Tatizo lilikuwa moja. Programu ilihitaji intaneti, na wanafunzi wengi walitumia simu za wazazi ambazo bando huisha kabla ya wiki kwisha. Kuifanya ifanye kazi bila intaneti kulitaka miezi sita ya kazi ya kutwa nzima, na kazi ya kutwa nzima inataka mshahara. Kampuni moja ya mbali ilikuwa imempa binti nafasi nzuri. Ilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

"Shangazi, mimi sikimbii," alisema. "Ila mwenye nyumba hapokei mishale."

Wafadhili wawili walikuwa wameiona programu na kuisifu, kisha wote wakatoa shauri lilelile: wekeni kitufe cha kuonyesha jibu, watu hawapendi kusumbuliwa. Mama Mishale aliwashukuru, akawaaga. Ulikuwa umebaki mmoja, mfuko wa kusaidia elimu wenye ofisi katikati ya mji. Jioni ya kuamkia siku ya kwenda huko, binti alikohoa kidogo mezani.

"Nimeweka kitufe. Kimeandikwa Ruka. Ni cha kesho tu, wakikwama wabonyeze wasonge mbele."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, shangazi."

Mume wa Mama Mishale, fundi wa majokofu, alikuwa anatafuna polepole kama shabiki aliyepata kiti cha mbele. "Moja kwa moja," alisema. "Mpira kati."

"Fundi, nyamaza. Na wewe, kitoe."

Kikatolewa. Binti alikitoa huku amenuna, lakini alikitoa.

Ofisi ya mfuko ilikuwa na zulia zito na kipoza hewa ambacho Fundi, kama angekuwepo, angejua kwa mlio tu kwamba kinataka kusafishwa. Mezani walikaa wawili. Mwenyekiti alikuwa mhandisi mstaafu wa madaraja, mwenye mvi zilizochanwa kwa makini. Kando yake alikaa mama mhasibu, miwani ikiwa imening'inia shingoni. Mwenyekiti aliipakua programu kwenye kishikwambi chake kipya, akachagua swali mwenyewe: mpira umerushwa juu wima, sasa uko hewani na bado unapanda. Usijali upepo. Chora nguvu zote zinazouvuta au kuusukuma.

"Hili la watoto," alisema, akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha jibu. Kufuli likatikisika. Akajaribu tena. "Mbona kinanikatalia? Nimejenga madaraja kumi na moja mimi."

Binti alimtazama shangazi yake kwa jicho lililosema yote kuhusu kitufe cha Ruka. Mama Mishale hakugeuka. "Hata madaraja yalichorwa kwanza, mheshimiwa," alisema.

Mama mhasibu akacheka chini kwa chini. Mwenyekiti akachora mpira. Akachora mshale mmoja kwenda chini, akauandikia: Dunia. Akachora wa pili, mrefu zaidi, kwenda juu, akauandikia: nguvu ya mrusho.

Hapo ndipo lilipotokea lile jambo ambalo binti atalisimulia hadi uzeeni. Miaka ishirini na sita ya kusahihisha ina mkono wake, na mkono hauombi ruhusa. Mama Mishale aliinuka, akachomoa kalamu yake nyekundu ya wino mzito, akainama, akaupiga mstari ule mshale wa juu. Juu ya kioo. Cha kishikwambi kipya. Cha mwenyekiti.

"Nani anausukuma, kijana?"

Kijana huyo alikuwa amempita umri kwa miaka kumi hivi. Mama Mishale alishtuka, akatazama wino, akatazama kalamu, na kabla binti hajapata kitambaa, akafanya alichozoea: akafuta kwa kiwiko. Wino ukageuka utelezi mwekundu wenye chaki.

"Samahani, mheshimiwa. Samahani sana. Ni mazoea."

Mwenyekiti hakumsikia. Alikuwa amekazia macho uchafu ule. "Mkono wangu ndio uliousukuma," alisema taratibu.

"Na mkono wako uko wapi sasa hivi?"

"Uko... chini."

"Mpira je?"

"Juu. Umeshaachana na mkono." Akavua saa yake bila sababu, akaiweka mezani. "Basi hakuna anayesukuma. Unapanda kwa mwendo wake tu, na Dunia inaupunguza." Akageukia mama mhasibu. "Nimeuchora mshale huu tangu niko shule. Hakuna aliyewahi kuniuliza mwenyewe ni nani."

Akaufuta mshale kwa kidole, kufuli likafunguka. Kishikwambi kikatoa mlio mdogo wa furaha, na mhandisi wa madaraja kumi na moja akatabasamu kama aliyepewa tiki mbele ya darasa. Mama Mishale alisimama wima. Binti aliona kidevu chake kimenyanyuka, naye akajikuta amenyanyua chake.

Mama mhasibu ndiye aliyerudisha miguu ya watu ardhini. "Mimi nina swali," alisema, akivaa miwani. "Aliyemfundisha mwenyekiti ni programu, au ni wewe? Maana wewe, mwalimu, ungefundisha hata jiwe."

Swali lilikuwa la haki, na Mama Mishale alilikubali. Wakapatana hivi. Jumatatu, kipindi cha tatu, wote wangekutana katika shule jirani, kwa wanafunzi ambao hawajawahi kukaa mbele yake. Kila mmoja angepewa swali la mpira. Nusu yao wakifika kwenye jibu kwa kusaidiwa na programu peke yake, mkataba ungesainiwa palepale, siku mbili kabla kampuni ya mbali haijadai jibu lake. Sharti moja: Mama Mishale akae nyuma ya darasa, na kwa dakika arobaini asitoe neno.

Kwenye ngazi za kushukia, binti alimshika mkono. "Shangazi, wale watoto nawaamini. Programu naiamini. Tatizo ni wewe."

Ndiyo maana Ijumaa jioni walikuwa mezani wakifanya mazoezi. Binti alishika simu inayohesabu dakika. Mama Mishale alikaa mkao wa mtahiniwa, mdomo umefumbwa. Fundi alipewa kazi ya kumchokoza, na aliipokea kama zawadi.

"Mimi kazi yangu ni rahisi," alianza, akijimiminia chai. "Naingiza baridi ndani ya friji. Baridi ikijaa, nafunga mlango."

Macho ya Mama Mishale yalimtoka. Fundi huyu anajua vizuri kuliko wote mtaani kwamba friji haiingizi baridi, inatoa joto. Ndiye anayewaonyesha wateja mgongo wa friji ulivyo wa moto.

"Wakati mwingine baridi inabaki, naipeleka kwa jirani kwenye kikombe."

"Dakika ya ngapi?" Fundi alimgeukia binti.

"Thelathini na moja!" Binti alikuwa amekaa nusu ya kiti. "Shangazi, unaweza! Tisa tu zimebaki!"

Mama Mishale hakutoa neno. Ila mkono ulikuwa umeshafika mfukoni. Kalamu nyekundu ikatoka, gazeti la Fundi likavutwa, na pembeni yake ikachorwa friji safi, yenye mlango na mpini, na mshale mmoja wa joto ukitoka ndani kwenda nje. Akaligeuza gazeti taratibu, akalisogeza mbele ya mumewe, akagonga kidole mara mbili mahali pa kuandika mwenyewe.

"Hata kuchora hairuhusiwi!" binti akapiga kelele, na Fundi akacheka hadi chai ikamwagika kwenye friji ya wino.

Mama Mishale akalifuta gazeti kwa kiwiko. Kisha akamkabidhi binti kalamu, kama anayesalimisha silaha, akaiweka mikono yote miwili juu ya meza na kufumba mdomo.

"Anza upya," Fundi akasema. "Jumatatu hiyo inakuja."

Binti akabonyeza saa ya simu.