Jibu la Kwanza

Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakawa ya kusoma mara moja na kukunja, wenzangu walitawanyika. Wapo waliokwenda Dar es Salaam kuuza mitumba, wapo waliokwenda Namtumbo kwenye tumbaku. Mimi nilikwenda uani. Huko nilifanya makao kati ya jiko na mpera, na mama yangu akawa anawaambia wageni, "Huyu wangu naye ni msafiri. Asubuhi yuko chumbani, jioni mtamkuta barazani."

Sikukasirika, nyumba niliipenda. Nilijua kuchambua maharage, nilijua kuni zipi zitatutoa machozi kabla hazijawashwa, na taarifa ya habari niliisikiliza kwenye redio ya jirani, bure, kupitia ua wa matete.

Jirani mwenyewe alikuwa fundi redio, amenizidi miaka kama kumi, mtoto pekee wa mama yake. Serikali ilipofungulia biashara ya nje, madukani Songea zikajaa redio za bei chee ambazo ziliharibika kabla betri hazijaisha, na fundi akawa na kazi kuliko muda. Msimu wa tumbaku alizunguka vijijini na sanduku lake la vifaa. Mwaka mmoja akarudi amekonda. Tangu hapo redio ilisikika kutwa, maana mwenyewe hakutoka tena kitandani. Ugonjwa wake kila mtu aliujua na hakuna aliyeutaja. Tulisema "anaumwa" tu, tena kwa sauti ya chini.

Mama jirani alimuuguza peke yake mpaka ulipokuja Mradi. Tuliuita hivyo mtaa mzima, Mradi, kana kwamba duniani ulikuwa huo mmoja. Mara mbili kwa wiki mhudumu alikuja na baiskeli, amebeba sabuni, glavu, unga wa lishe na dawa za maumivu. Alimgeuza fundi, akamwosha vidonda vya mgongoni, akakaa naye, na mama yule akapata saa mbili tatu za kulala au kushuka bondeni kwenye bustani yake.

"Siku mbili hizo," alimwambia mama yangu, "ndizo zinazonivusha zile tano."

Mradi ulipofikisha mwaka wa pili, wakubwa wake walitaka kujua kama unafanya kazi. Wakatafuta wadodosaji: wenye elimu ya sekondari, mwandiko unaosomeka, wanaoujua mtaa. Mama akanitoa nje kama mtu anayetoa godoro kulianika.

"Nenda. Wewe unaujua mtaa kuliko balozi wa nyumba kumi. Si unauchungulia kutwa?"

Tulifundishwa siku moja, ukumbini. Mtaalamu alikuwa mtu mpole kutoka Dar es Salaam, na koti lake halikuutosha ubaridi wa kwetu. Alitugawia fomu zenye visanduku, akasema, "Msibishane na mhojiwa, na msimwongoze. Jibu la kwanza ndilo jibu. Weka alama ya vema, nenda swali linalofuata."

Nilitaka kunyoosha mkono. Kwetu jibu la kwanza si jibu, ni "karibu" tu. Unamuuliza mtu habari za nyumbani, anasema nzuri. Anakupa kigoda, mnaulizana mvua na shamba, ndipo anasema "ila," na baada ya "ila" ndiyo habari yenyewe inaanza. Mtu anaweza kuwa na msiba ndani akaanza na nzuri. Hayo niliyajua tangu utoto. Lakini wakati ule ule ililetwa chai na maandazi, na mimi nilikuwa karibu na sinia.

Nyumba ya mama jirani niliiweka ya mwisho, kwa kuwa ilikuwa karibu na kwetu.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Makubwa! Umetoka nje? Leo itanyesha."

Alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili. Mimi ambaye nilizoea kuingia kwake kwa mlango wa nyuma kuomba moto, alinipitisha mlango wa mbele, akafuta kigoda kwa upindo wa kanga, akakaa na kukunja mikono. Faili nililoshika lilikuwa limenifanya mgeni.

Nikasoma swali la nane. "Hali ya mgonjwa ikoje tangu mlipoanza kupata huduma?"

"Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu."

Nyuma ya pazia fundi alikohoa, kikohozi kirefu cha mtu anayevuta kitu kizito. Nikaweka vema kwenye Vizuri.

"Ila—" akaanza.

"Swali la tisa, mama. Familia inaweza kumhudumia mgonjwa yenyewe kuliko hapo awali?"

"Tunaweza, tunaweza. Mhudumu ametufundisha vizuri. Ila mwanangu, huu mgongo wangu—"

"La kumi, mama."

Akacheka. "Una haraka leo! Utadhani una basi la kuwahi."

"Mwache, mama," fundi akasema nyuma ya pazia, kwa sauti nyembamba. "Mwenzako kapata kazi, usimharibie. We msafiri, andika kwamba nimeanza kucheza mpira."

Nilicheka. Sikuliandika, kwa sababu halikuwa na kisanduku.

Wala sikuwa na haraka yoyote. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya milima ya Matogoro, na kwetu kulikuwa na maharage jikoni. Hiyo ndiyo safari niliyokuwa nayo. Nilifunika kalamu nikiwa nimesikia "ila" mbili kwa masikio yangu, na kwenye nyumba nyingine nilikuwa nimesikia nyingi zaidi. Siku ya kurudisha fomu, mtaalamu alizinyanyua zangu wenzangu wazione. Hazina kufutwafutwa, alisema. Hazina kisanduku kitupu.

Miezi michache baadaye tuliitwa ukumbini kusikiliza matokeo. Mama jirani alikuja, na kitenge kile kile. Mtaalamu alisoma kwamba wagonjwa wengi wanaendelea vizuri, kwamba familia zimeridhika na sasa zinaweza kujihudumia zenyewe. Mradi umefaulu. Tukapiga makofi. Akaendelea kwamba, kwa kuwa hapa malengo yametimia, wahudumu watahamishiwa wilaya nyingine yenye uhitaji zaidi kuanzia mwisho wa mwezi. Makofi yaliendelea kidogo, mikono ilikuwa haijasikia.

Kesho yake mama jirani aliingia uani kwetu kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa na ungo wa maharage mapajani.

"Mwanangu, nani aliwaambia tunaweza?"

Nikajibu jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kujibu. "Ni ninyi, mama. Mlisema vizuri."

"Nilisema vizuri, ndiyo. Umekuja na faili, mlangoni nikupe nini? Mengine nilikuwa nakuja nayo. Si ulinikatiza?"

Nilimtazama mama yangu aniokoe hata kwa kunicheka. Alikuwa anachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Wiki ile nilitoka nyumbani siku tatu mfululizo, jambo ambalo siku nyingine lingetangazwa mtaani. Niliandika barua kwa mwandiko wangu ule ule mzuri, nikaipeleka ofisi ya Mradi, nikaeleza kwamba fomu zangu zilisema nusu. Karani aliisoma yote kwa heshima.

"Ripoti imeshakwenda, ndugu. Hii tutaiweka, itasaidia tathmini ijayo."

Mwisho wa mwezi baiskeli haikuja. Glavu zilipoisha mama jirani akawa anafunga mifuko ya nailoni mikononi. Mara mbili kwa wiki nilikwenda mimi. Sikujua kumgeuza mtu, nilimshika kama anayebeba meza.

"Bora ungebaki na kalamu," fundi aliniambia siku moja, jasho likimtoka kwa maumivu. Ulikuwa utani wake wa mwisho kwangu. Vidonda vilifika mfupani. Alikufa mwezi wa saba, asubuhi ya ukungu, mimi nikiwa nje nakoleza moto wa kuchemshia maji. Redio ilikuwa inaongea, na hatukujua nani aizime.

Watu wataniambia angekufa tu, hata mhudumu angebaki. Angekufa, najua. Najua pia alikufaje, na mama yake alikuwa amelala kwa saa ngapi wiki ile.

Baada ya arobaini nilimkuta mama jirani bombani, amekinga ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri," akasema.

Sikuwa na faili. Niliweka ndoo yangu chini, nikasimama nikiisubiri "ila", hata maji ya ndoo yake yakajaa na kumwagika. Alifunga bomba, akaweka kata kichwani, akajitwika, akapanda njia ya kwao bila kusema neno la pili.