Protus Hakuficha Kitu

Madereva Wakenya wa Jeddah walikuwa na kanuni moja ambayo hakuna wakala aliyeiandika kwenye mkataba. Ukitaka likizo, mlete mtu wa kukushikia gari, umfundishe kazi, ila usimfundishe yote. Asijue geti la nyuma la shule, au jina la yule muuguzi anayemwingiza bibi bila foleni. Kitu kidogo tu, cha kumfanya bosi akukumbuke ifikapo wiki ya tatu.

Protus Wanyonyi aliisikia kanuni hiyo mara nyingi na kuiona ya kishenzi. Kwao Kimilili alikuwa msomaji wa Neno kanisani, mtu wa kusoma sura mpaka mwisho hata waumini wakianza kukohoa. Kwa hiyo mwaka 2014, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini, ambaye nyumba nzima ilimwita Baba, alipomruhusu aende miezi miwili akamwone binti yake aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka, mradi apatikane wa kushika usukani, Protus alimleta Elly na kumsomea sura nzima.

Walijuana tangu Riyadh. Walishuka ndege moja mwaka 2011 na kulala chumba kimoja Al-Suwaidi, watu wanane na dirisha moja. Protus akapata kazi ya udereva Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Elly akabaki kulinda ghala la samani, yaani kukaa kwenye kiti kimoja akitazama viti vingine visitoroke. Protus ndiye aliyemsifu kwa Baba wiki mbili mfululizo, mpaka Baba akakubali kuhamisha ikama yake, kile kibali cha kukaa na kufanya kazi.

Kwa mwezi mzima Elly alikaa kiti cha abiria akijifunza. Geti la nyuma la shule alilijua siku ya kwanza, na muuguzi siku ya pili. Alhamisi akafundishwa somo gumu kuliko yote, lile la bibi, mama mzazi wa madam, mke wa Baba. Kila Alhamisi bibi alitaka uji wa soya kutoka duka la Haji Yusufu, Sharafiya. Si uji hasa. Ni maziwa ya soya yaliyogandishwa laini kama mala, yakaogeleshwa kwenye maji moto ya tangawizi na sukari, na juu yake vidonge vya unga wa mchele vyenye ufuta mweusi tumboni.

“Maji ya tangawizi yakae kwa thamosi peke yake,” Protus alifundisha. “Ukiyachanganya njiani, bibi atajua.”

“Atanigombeza?”

“Angegombeza ungeshukuru. Atakuangalia tu.”

Babu yake Haji Yusufu alikuwa Mchina aliyehamia Thailandi, na baba yake alikuja kuhiji akasahau kurudi. Duka lilikuwa na meza sita upande wa wanaume, na foleni iliyofika hadi duka la simu la jirani. Kwa miaka mitatu Protus alikuwa akichukua oda dirishani huku gari likinguruma. Hakuwahi kuketi. Zikiwa zimebaki siku mbili asafiri, akaamua kwamba mtu hawezi kwenda kuulizwa na mkewe ladha ya kitu alichokibeba miaka mitatu akakosa la kujibu. Akaegesha gari, akamwambia Elly, “Leo tunaingia kama watu.”

Haji Yusufu akawaletea mabakuli mwenyewe. Protus alipotoa pochi, Haji akamzuia mkono.

“Wewe leo hulipi. Mtu akienda nihai, simtozi.”

Nihai ni neno la karatasi ya viza. Maana yake umetoka nchini, na mlango umefungwa nyuma yako.

“Ni likizo tu, Haji,” Protus akasema akicheka. “Miezi miwili.”

Haji akamgeukia Elly. “Si wewe uliyeniambia Jumatatu? Ukasema oda ya bibi niiandike jina lako, kwa sababu huyu harudi.”

Hapo adhana ya Magharibi ikaanza. Shata ya duka ikateremshwa, taa za nje zikazimwa, na waliokuwa ndani wakabaki ndani. Haji akaenda nyuma kuswali. Ilikuwa desturi ya maduka yote mjini, na kwa kawaida dakika ishirini na tano hizo ni za kupumzika.

“Elly.”

“Kula kwanza, mkubwa. Inapoa.”

“Karatasi yangu ni ya nini?”

Elly akatafuna kidonge cha ufuta kwa uangalifu. “Baba aliniuliza kama utarudi. Nikamwambia ulisema ukipata kazi Qatar, huonekani tena hapa kuosha gari la mtu.”

“Nilisema lini?”

“Pale ufukweni Corniche, tukingoja madam.”

“Kila dereva husema hivyo akingoja madam. Wewe ulisema utafungua hoteli Dubai. Nilimpelekea Baba maneno hayo?”

“Hukuulizwa.”

Protus akatazama shata. “Nyumba yangu imefika lenta tu, haina paa, Elly. Kule Kimilili sina kazi. Ndiyo maana naenda kwa kurudi.”

“Na mimi nirudi wapi? Ghalani?”

Mzee mmoja meza ya pili akawaomba wapunguze sauti, watu wanaswali. Wakapunguza.

“Bado hiyo nihai inaweza kufutwa,” Protus akanong’ona. “Baba akibonyeza simu yake kabla sijapanda ndege, imefutwa. Twende umwambie ulikuwa mzaha.”

“Sawa.”

“Utasema?”

“Nimesema sawa, mkubwa.”

Shata ilipopandishwa, bakuli la Elly lilikuwa jeupe. La Protus lilikuwa limejaa, na ngozi nyembamba imetanda juu. Mkewe angeulizia ladha bure.

Baba aliwapokea sebuleni, simu ikiwa gotini. Alimsikiliza Protus hadi mwisho bila kumkatiza, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. Kisha akamuuliza Elly swali moja, kama wanavyofanya watu wa haki.

“Qatar. Alisema, au hakusema?”

Protus akamtazama Elly. Elly akatazama zulia.

“Alisema, Baba.”

Protus alingoja neno linalofuata. Hata lingekuwa “lakini” tu, yeye angelimalizia. Halikuja. Elly alikuwa amesema kweli tupu, na kweli tupu haina la kuongezwa.

“Halas, imekwisha,” akasema Baba, akaigeuza simu kifudifudi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alimpa Protus mkono, akamwombea kheri, akamwonya kwamba joto la Doha ni baya kuliko la Jeddah, na kwamba madereva wa huko hawana adabu barabarani.

Protus akamshukuru kwa ushauri. Huko Qatar hakumjua mtu hata mmoja.