Mwaka mbuzi-mawe walipohama mteremko wetu

Sisi tuliokulia chini ya Kundelungu, upande wa Lukafu, hatukuwa na televisheni, lakini mlima tulikuwa nao. Jioni, baada ya masomo, tukiwa na mihogo ya kuchoma mikononi na vumbi mpaka kwenye nyusi, tulikaa juu ya ukuta wa matofali na kushindana nani ataona mbuzi-mawe wa kwanza. Ni swala mdogo, rangi yake ya jiwe lenyewe, anasimama kwenye ncha za kwato kama dada aliyevaa viatu virefu siku ya ndoa. Watoto wa leo hapa Lubumbashi wanakuza picha kwa vidole viwili. Sisi tulifinya macho tu.

Kambo, yaani babu yangu, ndiye aliyetufundisha jinsi wanyama hao wanavyochagua mahali pa kuishi. Hawafuati majani peke yake. Wanataka mwamba wa kukimbilia, na majani mafupi mabichi karibu kabisa na mwamba huo. Wanakaa wawili wawili: mmoja akila, mwingine analinda. Majani marefu hawayaamini, kwa sababu chui anaweza kulala humo. Ndiyo maana kila mwanzo wa kiangazi wazee walichoma nyasi za mteremko, na machipukizi yalipotoka, mbuzi-mawe walishuka mbele ya macho yetu.

"Ule nyama anaangariaka hatari kwanza, chakula nyuma," Kambo alikuwa akisema. "Njo maana anazeeka."

Mwaka mmoja hawakushuka. Wiki zikapita, mwamba mtupu.

Mwaka huo alikuwa amefika mwalimu mpya, Mwalimu Mbuyi, mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, pamoja na mke wake na mtoto wao Muamba, niliyeketi naye dawati moja. Jumapili baada ya misa, Mwalimu alipenda kupanda mlima peke yake na mfuko begani. Jikoni kwao kulinukia vitunguu na mafuta hata siku ambazo sisi tulikula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo. Kwa kijiji, hayo yalitosha: ndiye anayewatega mbuzi-mawe.

Kisimani, wamama walianza.

"Unasikia ile harufu? Ile haiko sombe."

"Na ule mufuko ni wa nini mu mulima? Anaendaka kuvuna mawe?"

Walicheka, kisha wakainamia ndoo zao Muamba alipofika na yake.

Mimi nilikuwa nimekula kwao mara nyingi. Kilichonukia ni makayabu, samaki wa chumvi waliotumiwa kutoka mjini. Ndani ya mfuko mlikuwa na majani na maua ya somo la Jumatatu, na darasa zima tulikuwa tumeyachora. Hata hivyo nilihamia dawati la nyuma. Hakuna aliyenituma. Na nilipoulizwa kwa Mwalimu wanakula nini, nilijibu sijui.

Wazee waliamua aondoke. Kambo naye alimshuku kama wengine, lakini alitaka kwanza kuiona mitego kwa macho yake. Alipanda asubuhi na fimbo yake, nikamfuata. Hatukukuta kitanzi, wala damu, wala manyoya. Tulikuta nyasi za kufika kifuani, zimegusana na mwamba. Kambo alizitenganisha kwa fimbo yake. Mfumu, mkuu wetu wa kijiji, alikuwa amekufa, na haikuruhusiwa kuchoma pori kabla ya matanga kwisha. Kila mtu alijua kwamba hatukuchoma. Hakuna aliyekuwa ameliunganisha hilo na wanyama.

Tulizunguka hadi mgongo wa pili wa mlima. Huko moto wa warina asali ulikuwa umepita, majani yalikuwa mafupi na mabichi, na juu ya mwamba walisimama wawili, mtoto wao katikati.

"Ni siye benyewe tulibafukuza," Kambo alisema.

Alishuka haraka kuliko miguu yake ilivyotaka. Tulikuta nyumba ya Mwalimu iko wazi na tupu. Asubuhi ileile lori la makaa lilikuwa limewachukua kuelekea Kambove. Wazee walimsikiliza Kambo, wakasema sawa, basi arudi. Kambo alituma maneno kwa madereva, akatuma tena. Jibu halikuja, na dawati letu la zamani halikupata mtu mwingine mwaka mzima.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, ambaye Kambo wake ni mimi, alinisogezea simu, ujumbe wa kikundi cha avenue yetu, yaani mtaa, kuhusu mwenye duka.

"Kambo, soma. Ule wa magazini, muntu wa Kivu, banasema anafichaka bantu usiku."

"Nani aliona?"

"Bote banasema, Kambo."

Vijana hawa wana macho mawili na kamera tatu, na hawajaona kitu. Lakini siwezi kuwacheka sana. Sisi tulieneza yetu kwa mdomo, bila hata betri. Tofauti ni kwamba enzi zetu, hata kwa kuchelewa, mzee mmoja alipanda kuangalia.

Nilivaa viatu, nikaenda kwake kununua sabuni. Zamani magazini hiyo ilikuwa wazi mpaka jioni, watoto wakiingia na kutoka. Sasa mlango una kufuli, na mwenyewe anauzia nyuma ya nondo za dirisha. Nilimsalimia kwa jina. Aliniangalia mikono kwanza, ndipo akaniangalia uso.

"Papa, unatafuta nini?"

Nilisema sabuni, nikauliza habari za watoto. Akanipitishia sabuni kati ya nondo. Habari za watoto hakunipa.