Maporomoko ya Mtani Wangu

Laki moja na sabini elfu. Watu wawili, mimi na mama, themanini na tano kila kichwa, baada ya kumshusha mwenye safari kutoka laki na ishirini kwa maneno mengi na kujifanya naondoka mara mbili. Nilitoka pale najiona mjanja.

Aliyeniuzia ni mtani wangu, Mnyamwezi aliyelowea Bagamoyo na kufungua kibanda cha kutembeza wageni karibu na ufukwe. Sisi ni Wakwere. Kwa utani wetu anaweza kubeba kuku wangu mchana kweupe na mimi nikacheka. Bango lake lilisema siku nzima: boti, kisiwa, mashamba, maporomoko ya maji. Hayo matatu ya kwanza sikuyahitaji. Mama alitaka maporomoko.

Marehemu baba alikuwa dereva wa malori ya bara. Akirudi alimsimulia mama maji yanayodondoka kutoka mlimani usiku na mchana, hayapumziki, na mlio wake aliuigiza kwa mdomo mpaka tukalowa mate. Aliahidi kumpeleka. Hakuwahi. Sasa mama magoti hayamtaki, nikaona tukingoja tena hatutakwenda.

"Shikamoo, mke wangu," mtani alimpokea pale ufukweni.

"Marahaba, mpagazi wangu. Leo nibebe mimi."

Akambeba kweli hadi ndani ya boti, watu wakashangilia. Kisiwa kilikuwa fungu la mchanga lenye saa zake za kazi: hatujamaliza kula pweza, maji yalishafika kwenye mikeka. Tukateremkia Mlingotini, tukapakiwa garini, tukazungushwa mashambani kuonyeshwa mananasi, kana kwamba mimi nimezaliwa Ulaya. Nilivumilia.

Saa kumi jioni tukafika kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Hata hatujashuka, mama alinishika mkono.

"Unausikia mlio? Ndio ule ule wa baba yako."

Uso ule wa furaha sijauona kwake tangu tulipomzika baba.

Wenzetu wa safari wakayakimbilia na simu zao maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka juu ya ukingo. Mama akashuka pole pole, akavua kandambili, akainua khanga. Alipobakiza hatua chache, maji yakawa membamba, yakawa matone, yakakoma.

Mtani hakutikisika. "Mke wangu, maji yamekuona yakaona haya!"

Watu kicheko. Mama naye akacheka, kandambili mkononi.

Nikapanda juu kupitia vichakani. Nikakuta tangi jeusi la plastiki, bomba, na mwanamume amekalia ndoo, mkono kwenye koki.

"Yameisha, kaka," akaniambia bila wasiwasi. "Mpaka boza la maji lije kesho."

Nilishuka napiga kelele: ni tangi! Tumeuziwa tangi!

"Msikieni Mkwere," mtani akasema. "Kwao maji yanakuja kwa ndoo. Akiyaona mengi, anatafuta tangi."

Kicheko kingine, kikubwa kuliko cha kwanza. Nikamwita tapeli, wakacheka. Nikamwita mwizi, mzee mmoja akapiga makofi, akasema siku hizi utani umepoa ila huu wetu bado una moto. Kadiri nilivyokasirika ndivyo nilivyochekesha.

Garini nilimweleza mama taratibu: tangi, bomba, koki. Akanigusa bega. "Mwache mtani wako, mwanangu." Kisha akatazama nje hadi karibu na Mbegani.

"Kumbe baba yako alikuwa anatia chumvi," akasema. "Usiku na mchana, aliniambia. Kumbe yana dakika zake."

Hapo ndipo hasira iliponiingia mifupani, na mpaka leo haijatoka. Baba alikuwa na makosa yake, ninayajua yote, lakini hili alisema kweli, na tangi la maji limemfanya mwongo kaburini. Kumpeleka mama bara akaone maporomoko yenyewe, magoti yake hayafiki. Nimekwenda kibandani tena na tena kumtaka mtani aje aseme ukweli mbele yake. Ananijibu kwa mzaha. Na hata akija, akakiri, akaapa, mama ataona ni utani tu, acheke na kumwandalia chai.

Hela anirudishie nusu. Nusu nyingine namwachia kwa kule kumbeba mama. Lakini nyie mnaoujua utani kuliko mimi, nishaurini: mtu amshtaki vipi mtani wake kwa mama yake, akaaminika?